Gavana hachapi noti: California katika mdororo wa 2009

Serikali ya shirikisho ya Marekani ikipungukiwa mapato, inakopa. Hazina yake inauza hati fungani dunia nzima inanunua, na nyuma yake ipo benki kuu. Gavana wa jimbo hana mlango huo. Karibu majimbo yote yamefungwa na katiba au sheria zao wenyewe kupitisha bajeti ambayo matumizi yake hayazidi mapato. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao watu wanafukuzwa kazi na kupoteza nyumba ndio mwaka ambao gavana analazimika kupunguza huduma, kupandisha kodi, au yote mawili.

Msomaji wa Kenya atalielewa hili upesi. Gavana wa kaunti naye hawezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge lake la kaunti. Ndivyo kifungu cha 212 cha Katiba ya 2010 kinavyosema. Mgao ukichelewa Nairobi, mishahara inachelewa huko chini. Ukubwa unatofautiana sana, lakini kamba inayobana ni ya aina moja.

Kuna mambo mawili ambayo naona watu wengi wanaoandika kuhusu magavana na mdororo huyapita. La kwanza ni kwamba bajeti na fedha taslimu ni vitu viwili tofauti, na gavana huanguka kwenye hicho cha pili. La pili ni kwamba kuwafikia wananchi ni sehemu ya kazi yenyewe ya fedha, si mapambo yake: ukiwaeleza bila kiasi na bila tarehe, hawatakupa kura unayohitaji ili uwalipe. California chini ya gavana Arnold Schwarzenegger inayaonyesha yote mawili, na miaka mitatu baadaye jimbo lile lile likaonyesha jinsi ya kufanya vizuri zaidi.

Tuanze na mapato. Mfuko mkuu wa California, yaani ule unaolipia huduma za kawaida za jimbo, ulitegemea kodi ya mapato ya watu binafsi kwa zaidi ya nusu. Na kodi hiyo yenyewe ilibebwa na wachache: mwaka 2007, asilimia 1 ya walipakodi wenye kipato cha juu kabisa walilipa karibu nusu yake. Sehemu kubwa ya kipato cha watu hao si mshahara, ni faida ya kuuza hisa na mali. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 2008, faida hiyo ilitoweka, na mapato ya jimbo yakashuka kwa kasi kuliko mishahara ya wananchi wa kawaida ilivyoshuka. Kodi ya mauzo nayo ilifuata, maana mtu aliyepoteza kazi haendi kununua gari.

Bajeti ya mwaka wa fedha 2008-09 ilitakiwa iwe imesainiwa kabla ya tarehe 1 Julai. Ilisainiwa tarehe 23 Septemba 2008, wiki moja tu baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika. Wino haujakauka, makadirio yakawa yameshapitwa na wakati. Tarehe 6 Novemba gavana aliita kikao maalumu cha bunge. Kufikia mwanzo wa 2009, pengo lililohesabiwa hadi katikati ya 2010 lilikuwa karibu dola bilioni 42.

Na hapa kuna tatizo lililo ndani ya mdororo wenyewe: upande wa matumizi hausubiri. Watu wakipoteza kazi wanapoteza na bima ya afya, wanahamia Medi-Cal, yaani mpango wa matibabu wa jimbo kwa wenye kipato kidogo. Wanaomba msaada wa chakula. Wanaacha vyuo vya kulipia na kwenda vyuo vya umma. Idadi ya wanaostahili huduma inapanda mwezi ule ule ambao fedha za huduma zinapungua.

Wakati huo California ilihitaji theluthi mbili ya kura kupitisha bajeti, na theluthi mbili kupandisha kodi. Maana yake kura 27 kati ya maseneta 40, na 54 kati ya wajumbe 80 wa baraza la chini. Chama cha Democratic kilikuwa na wingi lakini si wa kutosha, kwa hiyo gavana, ambaye ni Republican, alihitaji wachache wa chama chake wapige kura ya kodi waliyoahidi kutoipiga. Februari 2009 Seneti ilikaa usiku kucha zaidi ya mara moja ikitafuta kura moja tu iliyokosekana. Ilipatikana alfajiri ya tarehe 19, na gavana akasaini tarehe 20.

Nataka kukaa kidogo kwenye yaliyomo, kwa sababu yanahesabika kwa kiwango cha nyumba moja. Kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 7.25 hadi 8.25 kuanzia tarehe 1 Aprili: kwenye kitu cha dola 100, dola 1 zaidi. Ada ya gari ilipanda kutoka asilimia 0.65 ya thamani yake hadi 1.15: gari la dola 10,000 lililokuwa likitozwa dola 65 likaanza kutozwa 115. Punguzo la kodi kwa kila mtoto au mtegemezi lilishuka kutoka karibu dola 309 hadi karibu 99, yaani mzazi wa watoto wawili alipoteza kama dola 420 kwa mwaka. Hesabu hizi zingetosha kuandikwa kwenye kadi moja ya posta na kupelekwa kila nyumba. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa fedha taslimu. Hata katika mwaka mzuri, California hulipa sana kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati kodi nyingi huingia kati ya Desemba na Aprili. Kuziba pengo la katikati, jimbo hukopa ndani kwenye mifuko yake maalumu, kisha huuza hati za muda mfupi zinazolipwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Wanunuzi wa hati hizo wanataka kuona bajeti iliyopitishwa na inayoaminika. Bajeti ikikwama, soko linafunga mlango, na jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko nchi nyingi linakosa hela ya kulipa ankara ya muuza karatasi.

Ishara ya kwanza ilikuja tarehe 17 Desemba 2008. Bodi inayosimamia fedha za pamoja za jimbo ilisimamisha mikopo ya miradi ya ujenzi iliyokuwa ikisubiri hati fungani za muda mrefu kuuzwa: takriban miradi 2,000, dola bilioni 3.8. Barabara, shule, urejeshaji wa mito. Kusimamisha mradi wa ujenzi si kama kuzima taa. Mkandarasi anatoza gharama za kuondoa mitambo na za kuirudisha. Nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu. Mashirika madogo ya mazingira yaliyokuwa yamelipa wafanyakazi kwanza na kusubiri kurudishiwa yakabaki na deni mkononi. Na walioathirika ni walewale mafundi ambao mpango wowote wa kuamsha uchumi ungetaka wawe kazini. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa kuliko ulivyoonekana kwenye vitabu, ingawa bodi haikuwa na chaguo lingine rahisi. Ukishakosa hela, chaguo zote zilizobaki ni mbaya.

Nani analipwa kwanza hela zikikaribia kwisha? Hili halimo mikononi mwa gavana peke yake, na ni jambo ambalo wageni wa siasa za majimbo hulikosea. California ina Mdhibiti wa Fedha anayechaguliwa na wananchi kivyake, na wakati huo alikuwa John Chiang wa chama cha Democratic. Yeye ndiye anayeandika hundi. Katiba inaweka shule za umma mbele, kisha malipo ya hati fungani za jimbo. Baada ya hapo zinafuata zile ambazo sheria za shirikisho au mahakama zinalinda: mishahara, mafao ya wastaafu, Medi-Cal. Kuhusu mishahara, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilishaamua mwaka 1993 kwamba jimbo likiwacheleweshea wafanyakazi malipo kwa sababu bajeti haijapita, limevunja sheria ya kazi. Wanaobaki nje ya uzio huu ndio wanaoumia: waliodai kurudishiwa kodi, wauzaji wadogo, wanafunzi wenye ruzuku, kaunti zinazosubiri fedha za huduma za jamii.

Februari 2009 marejesho ya kodi yalisimamishwa kwa mwezi mmoja. Tarehe 2 Julai ikaja hatua kubwa zaidi. Mdhibiti alianza kutoa hati za ahadi, karatasi zinazosema jimbo linakuomba radhi kwa sasa lakini litakulipa tarehe 2 Oktoba pamoja na riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Zilitolewa karibu 450,000, zenye thamani ya takriban dola bilioni 2.6.

Kwa mfanyabiashara mwenye akiba, hati kama hiyo ni uwekezaji mzuri. Kwa mwenye duka la kupika chakula cha kituo cha wazee, ni karatasi isiyolipa kodi ya pango. Benki kubwa zilikubali kuzipokea kwa wiki moja hivi, hadi tarehe 10 Julai, kisha nyingi zikasimama. Vyama vya kuweka na kukopa ndivyo viliendelea kwa muda mrefu zaidi. Soko la pembeni lilizuka la kuzinunua kwa bei pungufu, hadi tume ya shirikisho ya masoko ya mitaji ikatangaza kwamba hati hizo ni dhamana zinazolindwa na sheria dhidi ya ulaghai. Jimbo lilizilipa mapema, kuanzia tarehe 4 Septemba, baada ya bajeti mpya kupita na masoko kulegea. Lakini aliyekuwa ameshauza yake kwa hasara mwezi Julai hakurudishiwa tofauti.

Funzo la kiutendaji liko wazi kwangu. Gavana anayeingia kwenye mdororo asianze na jedwali la bajeti ya mwaka. Aanze na kalenda ya malipo ya siku 90: kila siku, kiasi kinachoingia, kiasi kinachotoka, nani yuko ndani ya uzio wa katiba na nani yuko nje. Kisha awatafute walio nje mmoja mmoja, wiki sita kabla, wawe na muda wa kuzungumza na benki zao. Mtoa huduma aliyeambiwa Mei kwamba Julai kutakuwa na karatasi badala ya hundi anaweza kupata mkopo wa muda. Aliyeisoma gazetini Julai anafunga.

Upande wa kupunguza matumizi kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa kwa namba. Medi-Cal hulipwa na jimbo na serikali ya shirikisho kwa pamoja. Kwa kawaida ni nusu kwa nusu. Sheria ya kuamsha uchumi iliyosainiwa na Rais Obama tarehe 17 Februari 2009, ya dola bilioni 787, ilipandisha mchango wa shirikisho kwa California hadi asilimia 61.59. Sasa piga hesabu. Ukitaka kuokoa dola 1 ya jimbo, unaiacha dola 1.60 ya Washington ipotee. Huduma za dola 2.60 zimeondoka hospitalini na kliniki, pamoja na ajira za wauguzi na wahudumu, na kwenye hazina yako imebaki dola moja. Zaidi ya hapo, fedha hizo zilikuja na sharti kwamba jimbo lisibane masharti ya nani anastahili. Likibana, linapoteza ongezeko lote.

Ndiyo maana kipaumbele cha kukata kinatakiwa kianze na kilicholipwa na jimbo peke yake. Lakini humo ndimo mlimo na vitu vidogo visivyo na mtetezi mwenye sauti. Tarehe 28 Julai 2009, gavana aliposaini marekebisho ya kuziba pengo jipya la dola bilioni 26, alitumia mamlaka yake ya kufuta kifungu kimoja kimoja na kupunguza karibu nusu bilioni zaidi. Miongoni mwa vilivyofutwa kabisa ni fedha za jimbo kwa makao ya wanawake wanaokimbia vipigo nyumbani: dola milioni 16 na ushei. Katika pengo la bilioni 26, hiyo ni chini ya senti 7 kwa kila dola 100. Makao kadhaa yalifunga milango au kupunguza vitanda, na wakati huohuo simu za kuomba hifadhi zilikuwa zinaongezeka, maana ukosefu wa kazi huingia ndani ya nyumba. Oktoba bunge na gavana walipitisha sheria ya kurudisha fedha hizo kwa kukopa kwenye mfuko wa magari ya nishati mbadala. Fedha zilirudi. Makao yaliyokwishafungwa yalikuwa yamepoteza wafanyakazi waliofunzwa na majengo ya kupanga, na hivyo havirudi kwa saini. Hili linaniuma kila ninaposoma mahesabu ya mwaka ule, kwa sababu lilikuwa kosa la kutopiga simu mbili tatu kabla ya kusaini.

Likizo bila malipo kwa wafanyakazi wa jimbo ni mfano mwingine wa akiba inayopungua ukiichunguza. Kuanzia Februari 2009 zilikuwa siku mbili kwa mwezi, na Julai zikawa tatu. Siku moja ni karibu asilimia 4.6 ya mshahara, kwa hiyo tatu ni kama asilimia 14, kwa watu zaidi ya 200,000. Kwenye karatasi ni fedha nyingi. Lakini amri ilitandazwa kwa wote sawasawa. Wapo wafanyakazi ambao mishahara yao hailipwi na mfuko mkuu kabisa: wanaochambua maombi ya ulemavu ya hifadhi ya jamii hulipwa na serikali ya shirikisho kwa asilimia 100. Kuwapeleka nyumbani hakukuokoa hata senti ya mfuko mkuu. Kuliongeza tu foleni ya walemavu wanaosubiri. Wakusanya kodi nao walipewa likizo, na mkusanya kodi aliyeko nyumbani ni mapato yasiyokusanywa. Magerezani, ambako askari hawawezi kuondoka wote Ijumaa, siku hizo ziliwekwa akiba ili zichukuliwe baadaye, yaani deni limesogezwa mbele. Kisha zikaja kesi mahakamani, nyingi.

Kama ni lazima kufanya hivyo, amri ya aina hii iandikwe kwa chanzo cha mshahara: kwanza tenganisha wanaolipwa na mfuko mkuu, kisha ondoa wanaoleta mapato, kisha ondoa vituo vya saa 24. Kinachobaki ni kidogo kuliko kinachotangazwa kwenye mkutano na waandishi, lakini ni akiba ya kweli.

Kuhusu fedha za kuamsha uchumi nitakuwa mfupi, ila tarehe zake ni za kujua. Sheria ilimpa kila gavana siku 45 kuthibitisha kwamba jimbo litaomba na kutumia fedha hizo. Fedha za barabara zilikuwa na siku 120 za kufunga mikataba ya nusu ya mgao, la sivyo sehemu isiyofungwa ingekwenda jimbo jingine. Fedha za kuimarisha bajeti ziligawanywa asilimia 81.8 kwa elimu na 18.2 kwa huduma nyingine. Gavana Mark Sanford wa South Carolina alikataa kuomba karibu dola milioni 700. Juni 2009 mahakama kuu ya jimbo lake ilimwamuru aziombe. Matokeo ya haraka hiyo yalikuwa kwamba majimbo yenye michoro iliyokwisha kabatini yalifaidika, na yasiyo nayo yalimwaga lami mpya juu ya barabara ambazo hazikuwa na shida kubwa. Orodha ya miradi iliyo tayari huandaliwa wakati wa neema.

Na sasa tuwarudie wananchi.

Makubaliano ya Februari yalihitaji idhini yao. Tarehe 19 Mei 2009 waliwekewa maswali sita, 1A hadi 1F. La 1A lilikuwa moyo wa yote: kikomo cha matumizi, mfuko wa akiba, na kurefusha zile kodi za Februari hadi miaka miwili zaidi. Kichwa cha swali kwenye karatasi ya kura kilitaja kikomo na mfuko wa akiba. Kodi zilitokea chini, kwenye makadirio ya kifedha: karibu dola bilioni 16. Swali la 1B, la fedha za shule dola bilioni 9.3, lilitegemea 1A ipite. La 1C lilikuwa kukopa dola bilioni 5 kwa dhamana ya mapato ya bahati nasibu. Mtu wa kawaida aliyetoka kazini jioni alitakiwa aelewe mnyororo huu wote.

Kisha, tarehe 14 Mei, siku tano kabla ya kura, gavana alitoa makadirio mapya ya bajeti kwa njia mbili. Maswali yakipita, pengo litakuwa dola bilioni 15.4. Yakishindwa, 21.3. Namba hizo zilikuwa za kweli na zilipaswa kutolewa. Lakini zilisema kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekiandaa kusikika: hata mkisema ndiyo, bado tumebomokewa. Na wapigakura wengi walikuwa na karatasi zao za kura ya posta mezani tangu wiki kadhaa. Siku ya kura yenyewe gavana alikuwa Washington, kwenye tangazo la viwango vya moshi wa magari. Maswali matano yalikataliwa, 1A kwa karibu theluthi mbili. Lililopita ni 1F peke yake, lile la kuzuia viongozi kuongezewa mishahara wakati wa nakisi. Waliojitokeza hawakufika asilimia 30 ya walioandikishwa.

Wengi walisoma matokeo yale kwamba wananchi hawataki kodi. Mimi naona walikataa hesabu wasiyoonyeshwa kwa ukamilifu. Mwezi Julai gavana aliweka kwenye Twitter video akiwa ameshika kisu kikubwa, akizungumzia kuuza magari ya jimbo, na Agosti mnada wa magari na samani za serikali ukafanyika Sacramento, baadhi ya magari yakiwa na saini yake. Uliingiza zaidi ya dola milioni moja. Hakuna ubaya wa kuuza vitu vya ziada. Ubaya ni kwamba kila dakika ya televisheni iliyotumika kwa mnada wa milioni haikutumika kueleza bilioni 26, na mama mwenye hati ya ahadi mkononi, au yule ambaye mtoto wake aliwekwa kwenye orodha ya kusubiri bima ya watoto tangu tarehe 17 Julai, aliiona ile video pia.

Kuwafikia watu kwa kweli kulikuwa mahali pasipo na kamera: kwenye simu za idara ya mafao ya ukosefu wa kazi. Bunge la Marekani lilirefusha mafao kwa awamu, kuanzia katikati ya 2008, tena Novemba 2008, tena 2009, hadi mtu akaweza kufikia wiki 99. Kila awamu ilidai mabadiliko kwenye mfumo wa kompyuta wa miongo kadhaa, na kila badiliko lilizaa maelfu ya watu wasiojua kama wanaendelea kulipwa. Wakapiga simu, laini zikajaa. Barua moja fupi yenye tarehe ya malipo ya mwisho, tarehe ya awamu inayofuata, na maneno "huna haja ya kuomba upya" ingepunguza nusu ya foleni hiyo kabla haijaanza.

Kuna mfano wa zamani ambao bado nauona bora. Franklin Roosevelt alikuwa gavana wa New York kuanzia 1929 hadi 1932, na alizoea kuzungumza na wananchi kwa redio kutoka Albany, makao makuu ya jimbo. Tarehe 28 Agosti 1931 alilieleza bunge la jimbo, kwenye kikao maalumu, anachotaka: dola milioni 20 za msaada kwa wasio na kazi, zitokane na kuongeza kodi ya mapato kwa nusu, kwa kipindi cha kuanzia Novemba 1931 hadi tarehe 1 Juni 1932. Kiasi, chanzo, mwisho. Shirika lililoundwa, ambalo Harry Hopkins aliliendesha, lilizirudishia miji na kaunti asilimia 40 ya walichotumia kwa msaada, kwa hiyo wenyeji walikuwa na sababu ya kutunza vitabu vizuri. Msimu ulipokwisha na shida haijaisha, Novemba 1932 wapigakura waliidhinisha hati fungani za dola milioni 30 zaidi.

California iliufikia ukweli huo huo mwaka 2012. Gavana Jerry Brown aliingia Januari 2011 na kuanza kwa ishara ndogo, kuamuru nusu ya simu 96,000 za kazi zirudishwe. Lakini hakuishia hapo. Alipotaka kodi mpya aliiandika bajeti ya 2012-13 ikiwa na makato yanayoanza yenyewe: swali namba 30 likikataliwa Novemba, tarehe 1 Januari zinakatwa karibu dola bilioni 6, ambazo bilioni 5.4 ni za shule na vyuo vya jamii, na milioni 250 kwa kila moja ya mifumo miwili ya vyuo vikuu vya jimbo. Ilikuwa sheria iliyokwisha kusainiwa, hivyo haikusikika kama kitisho cha mwanasiasa. Wilaya za shule ziliandika kalenda mbili za masomo, moja ikiwa na wiki pungufu, na wazazi wakaletewa nyumbani. Kodi nayo ilielezwa kwa mstari mmoja: robo senti kwa kila dola ya manunuzi kwa miaka minne, na nyongeza kwa kipato kinachozidi dola 250,000 kwa miaka saba.

Tarehe 6 Novemba 2012 swali hilo lilipita kwa asilimia 55, na mwezi Januari shule zilifunguliwa kwa kalenda ndefu.